Mchambuzi wa kibanda umiza

Najua nimepotea humu, na wale mnaouliza kama blogu imekufa, haijafa, iko fildi pamoja na mwenye nayo. Mazoezi ya kufundisha, wiki ya tano sasa, hapa Same mjini. Mliowahi kupita na basi la Arusha mnaukumbuka upepo wa hapa. Ukiacha andalio la somo wazi mezani unaenda kulifuata kwa jirani. Nafundisha Kiswahili na Historia, nakaa kwa baba mdogo, usiku tunakula makande, na hela ya fildi ilishakwisha zamani kwa hiyo msinipigie simu za kukopa.

Leo nina hili la mpira, ila si la matokeo. Mnakumbuka ule ubishi wa chumbani muhula uliopita, kwamba hawa viongozi wa zamani wa vilabu na wa TFF wanaokaa kwenye runinga kuchambua, waaminiwe au wazimwe? Mwenzangu mmoja (unajijua, na kitanda changu usikigawe) alisema wote watolewe, mezani wabaki waliocheza na waandishi. Mimi nilikuwa nawatetea. Bado nawatetea, lakini yaliyonikuta hapa Same yamenifanya nitetee kwa sauti ya chini kidogo.

Nyuma ya stendi kuna kibanda umiza. Mabati, mabenchi ya mbao, runinga mbili, mechi ya kawaida mia tano, Simba na Yanga elfu. Baba mdogo ana nafasi yake pale, benchi la pili kutoka mbele, upande wa ukuta, na hata akichelewa hakuna anayeikalia. Wanamwita Katibu. Miaka ya nyuma alikuwa katibu wa timu ya kata yetu kule juu milimani, timu ambayo mwaka 2013 ilichukua ubingwa wa wilaya ikatakiwa kwenda Moshi kwenye michuano ya mkoa. Sasa hivi timu hiyo haipo, lakini Katibu yupo. Na anachambua! Mechi ikianza haongelei sana pasi wala mfumo. Yeye anaongelea uongozi. "Hapa hakuna beki mbovu, hapa kuna katibu mbovu." "Huyu kocha hajasajili yeye, amesajiliwa." Na mara nyingi, msinicheke, anakuwa sahihi.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita tuliwahi. Kabla ya mechi runinga ilikuwa na mjadala wa usajili, watu wanne mezani, mmoja amewahi kuwa kiongozi wa klabu kubwa. Simtaji kwa sababu hakufanya kosa lolote. Chini ya jina lake wameandika kiongozi wa zamani, basi. Akawa anaeleza jinsi mikataba ya wachezaji inavyovunjika, anaeleza vizuri kweli. Kibanda kikaanza kuzomea: "Na wakati wako je?" Baba mdogo akasimama akawaambia wanyamaze, wamsikilize, kwa sababu yule ameshika faili kwa mkono wake na wao hawajashika hata barua.

Hapo ndipo kaka mmoja aliyekaa mlangoni akasema. Yule kaka alikuwa kipa wa timu yetu ya kata, siku hizi ana bodaboda hapa stendi. Hakupaza sauti. Alisema tu, "Sawa Katibu, tunamsikiliza. Na wewe tutakusikiliza lini? Moshi hatukwenda kwa nini?"

Kabla sijasema kilichofuata, niwarudishe kwenye ule ubishi wetu, kwa sababu nilikuwa naufikiria palepale kwenye benchi.

Hoja ya mwenzangu ilikuwa kwamba aliyecheza ndiye anayejua. Ni kweli kwa yanayotokea uwanjani. Lakini nusu ya mpira wetu haichezwi uwanjani. Chukua habari ya Emmanuel Okwi. Januari 2013 Simba ilimuuza Étoile du Sahel ya Tunisia kwa dola 300,000. Mchezaji akaenda, hela haikuja. Ikawa madai, ikafika FIFA, na Desemba mwaka huohuo Okwi akaibukia Yanga wakati Simba bado inadai. Aliyecheza mpira atakuambia Okwi alikuwa anampitaje beki. Ila inawezekanaje mchezaji aruhusiwe kuondoka kabla ya hela kuingia benki? Nani anabonyeza nini kwenye ule mfumo wa FIFA wa uhamisho? Kwa nini klabu ikubali ahadi badala ya malipo? Hayo anayaeleza mtu aliyewahi kukaa ofisini.

Na mtu huyo tunaye. Mwenyekiti wa Simba wakati ule alikuwa Ismail Aden Rage, ambaye kabla ya hapo aliwahi kuwa katibu mkuu wa FAT, chama kilichokuja kuwa TFF mwaka 2004. Kwa miaka mingi vyombo vya habari vimekuwa vikimtafuta Rage kila inapotokea utata wa kanuni, na mimi napenda kumsikiliza, maana anataja kifungu, hababaishi. Wachezaji wastaafu wengi hawawezi hiyo kazi. Lakini angalia mada ikifika kwenye Okwi. Hapo mtu yuleyule, kiti kilekile, sauti ileile, ghafla siyo mchambuzi tena, ni shahidi. Alikuwepo, sahihi ilikuwa ya uongozi wake. Sisemi alikosea na sisemi alipatia. Nasema shahidi anaulizwa maswali tofauti na mchambuzi, na sijawahi kuona runinga yetu ikibadilisha maswali katikati ya kipindi.

Jambo la pili ni hilo neno "zamani". Kwenye mpira wetu zamani ni fupi sana. Agosti 2020 Senzo Mazingiza alijiuzulu utendaji mkuu wa Simba na siku hiyohiyo akatangazwa yuko Yanga. Haji Manara alikuwa msemaji wa Simba hadi Julai 2021, Agosti akawa amevaa kijani na njano. (Baba yake, Sunday Manara, alikuwa staa wa Yanga, kwa hiyo wapo waliosema amerudi nyumbani. Sawa.) Na mlango unazunguka hata kati ya studio na klabu. Ahmed Ally alitoka Azam TV akaenda kuisemea Simba Januari 2022. Ally Kamwe tuliyemzoea kama mchambuzi akaenda Yanga mwaka huohuo. Jerry Muro alitoka kwenye utangazaji akawa msemaji wa Yanga, akafungiwa na TFF mwaka 2016, mwaka 2018 akawa mkuu wa wilaya ya Arumeru. Angetile Osiah alitoka chumba cha habari akawa katibu mkuu wa TFF enzi za Leodegar Tenga, kisha akarudi kuandika. Siwalaumu, kila mtu anatafuta riziki na vipaji wanavyo. Ila mimi mtazamaji nikimsikia mtu anaisifia sana kamati ya usajili ya klabu fulani, siwezi kujizuia kuwaza: huyu anaeleza au anaomba kazi?

Na hata kituo chenyewe. Mei 2021 Azam Media walisaini na TFF mkataba wa miaka kumi wa kuonyesha ligi, Sh225.6 bilioni. Kampuni hiyohiyo ina ndugu yake uwanjani, Azam FC, wote watoto wa Bakhresa. Wamefanya mengi mazuri, bila wao sisi wa Same tungeendelea kusikiliza redioni tukibishana mpira ulitoka au haukutoka. Lakini nao wako ndani ya mchezo wanaotuonyesha.

Msidhani ni kwetu tu. Matthias Sammer wa Ujerumani alikuwa mkurugenzi wa michezo wa Bayern hadi 2016, mwaka 2017 akawa mchambuzi Eurosport, 2018 akawa mshauri wa Borussia Dortmund huku runinga hajaiacha. Januari 2025 Dortmund wamefungwa 2-1 na Bologna kwenye Ligi ya Mabingwa, Sammer yuko Prime Video anaisema timu vibaya sana, na bado ni mshauri wa klabu hiyohiyo anayoisema! Wajerumani wakagawanyika. Wengine walisema huo ndio uaminifu, anawasema hata wanaomlipa. Wengine wakasema kama ni mshauri basi akashauri ofisini. Mimi ningekuwa Mjerumani ningekuwa kundi la kwanza. Angalau kila mtazamaji alijua jamaa anakaa wapi.

Haya, turudi kwenye kibanda.

Kipa ameuliza. Baba mdogo kimya. Watu wamegeuka. Na mimi nikajibu. Kwa nini nilijibu? Kwa sababu nilikuwa najua jibu, na siku hizi naitwa mwalimu, wanafunzi wangu wawili walikuwa wamekaa benchi la nyuma. Nikasema, "Gari liliharibika Kisiwani. Mimi nilikuwepo, ndiye niliyeleta taarifa." Na ni kweli ndiye niliyeleta. Nilikuwa na miaka kumi, kazi yangu kwenye timu ilikuwa kubeba maji na kuokota mipira. Ile asubuhi timu ilikaa barabarani na mabegi tangu saa kumi alfajiri, kuna ukungu, wengine wamevaa jezi kabisa chini ya makoti. Kama saa mbili hivi baba mdogo alinituma nikimbie kuwaambia gari limeharibika Kisiwani, wasubiri. Nilikimbia nikasema. Wakasubiri hadi saa nne, wakarudi nyumbani, Moshi wakapewa wenzetu ushindi wa mezani. Mwaka uliofuata timu haikusajiliwa.

Kipa aliniangalia, akasema, "Sawa mwalimu," mechi ikaanza.

Tukiwa njiani kurudi baba mdogo hakuongea. Tulipofika akakaa nje kwenye kigoda, akaniambia nikae.

"Halikuharibika gari," akasema. "Hakukuwa na gari."

Hela ya kukodi Coaster, shilingi laki mbili na arobaini, ilichangwa na kijiji kizima, wachezaji wakiwemo, na ilikuwa mfukoni mwake kwa sababu mwenyekiti alikuwa amesafiri. Jumatatu akanunua tangawizi. Hesabu yake ilikuwa aishushe Same Alhamisi, auze, Ijumaa alipie gari, na faida anunulie timu soksi. Anasema soksi alikuwa amezichagua kabisa rangi. Masika ilikuwa haijaisha, lori likanasa kwenye tope barabara ya mlimani siku mbili, lilipofika chini mnunuzi ameshapakia mzigo wa mtu mwingine. Tangawizi aliiuza kwa hasara. Hela ya watu alirudisha kidogo kidogo, ilimchukua zaidi ya mwaka, na mnajua Wapare na risiti, anayo kila karatasi kwenye mfuko wa rambo juu ya kabati. Alinionyesha. Aliyerudishiwa elfu mbili amesaini, aliyerudishiwa mia tano amesaini. Kitu kimoja tu hakikuandikwa kwenye karatasi hata moja, kwamba hela ilikuwa wapi ile Jumamosi.

Nilimuuliza kwa nini alinituma mimi. Akasema, "Mtoto haulizwi maswali."

Nilikasirika, niseme ukweli. Si kwa ajili ya hela. Ni kwamba miaka yote nimekuwa nikiisimulia ile hadithi ya gari, hata nyie nimewahi kuwasimulia chuoni, mkacheka. Na leo nimeisimulia tena mbele ya yule kipa aliyekaa kwenye ukungu masaa sita.

Usiku huo nilikuwa naandaa masomo ya Jumatatu. Wenzangu wa ualimu mnajua, kwenye andalio la somo mwishoni kuna sehemu ya tathmini, mwalimu anajitathmini mwenyewe kama somo limeeleweka. Na mnajua tunavyoijaza. Tunaijaza nyumbani, kabla hata ya kuingia darasani: "Wanafunzi wengi wameelewa." Sijawahi kuona aliyeandika "Nilikuwa sijajiandaa, nikawapa zoezi ili muda uende." Nikamwaza yule mzee wa kwenye runinga na baba mdogo na mimi mwenyewe na kalamu yangu. Baba mdogo anapochambua viongozi wa vilabu vikubwa huwa anapatia, sasa nimejua kwa nini anapatia. Anajua hela ya timu inavyoanza kutembea. Inaanza kwa mtu mwenye nia ya kununua soksi. Ule ndio uchambuzi ambao mchezaji mstaafu hana, mwandishi hana, na hata yeye Katibu alikuwa hajawahi kutupa, miaka yote hiyo ya "katibu mbovu, katibu mbovu."

Ningekuwa na kipindi changu ningewaalika wote, viongozi wa zamani wa vilabu, wa TFF, wa kata. Ila chini ya jina nisingeandika "kiongozi wa zamani". Ningeandika alikuwa nani, mwaka gani hadi mwaka gani, na jambo gani liliharibika akiwepo. Halafu swali la kwanza liwe hilo hilo jambo. Akilijibu vizuri, namwachia dakika themanini na tisa zilizobaki aseme anachotaka kuhusu wengine.

Jumamosi iliyopita nilimwambia baba mdogo mimi siendi kibandani kama atakaa kimya, kwa sababu uongo wa pili niliusema mimi na nitausahihisha mimi. Samahani, sikumwambia hivyo. Mkubwa haambiwi hivyo. Nilimwambia, "Baba, naomba unisaidie, yule kaka nilimjibu vibaya." Akanielewa. Akasema, "Twende mapema."

Kipa alikuwa nje ya kibanda anafuta pikipiki. Baba mdogo akamsalimia, akaanza kutokea kwenye tangawizi, akaeleza yote, hakuruka kitu, hata mimi kutumwa alieleza. Ilichukua kama dakika tano. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni nimeinamisha macho chini kama niko paredi.

Yule kaka akasikiliza hadi mwisho, kitambaa mkononi. Akasema, "Tulijua, Katibu. Kaka yangu alikuwa na genge pale Kisiwani. Jioni ileile alituambia hakuna gari lililoharibika." Akaendelea kufuta taa ya mbele. "Hatukujua tangawizi tu. Wengine walisema umeoa."

Baba mdogo alicheka, halafu akaacha kucheka. Kipa akaniambia na mimi, "Mwalimu, wewe ulikuwa mtoto," basi, hakuongeza. Halafu akatukumbusha kuwa baba mdogo hajamlipa elfu moja ya bodaboda ya Jumanne. Ikalipwa palepale.

Tuliingia tukakaa. Kwenye runinga mjadala ulikuwa unaendelea, mtu mwingine, kiongozi wa zamani mwingine, anaanza sentensi na "wakati wangu mimi." Kijana mmoja akapiga kelele, "Katibu, chambua!" Baba mdogo akasema leo anataka kuangalia mpira tu. Kipindi cha pili akashindwa kuvumilia, akaanza tena na habari za mikataba, na kipa kutoka mlangoni akamuuliza swali la kweli kuhusu mchezaji wa mkopo, wakajadiliana hadi filimbi.

Ameniruhusu niandike haya, kwa sharti nisitaje jina wala kata. Amesema pia niandike kwamba zile soksi zilikuwa za bluu.

Bando linakaribia kukata. Mkaguzi wetu wa chuo anakuja Jumatatu kunikagua, kipindi cha tatu, na andalio lote nimeshaliandika vizuri kwa mwandiko wa heshima isipokuwa pale kwenye tathmini, bado pako wazi.